Upande wa Nyuma wa Taa

Kitui, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwikali mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua, asubuhi tumekunywa chai meza moja, na yangu utaijua kabla hujamaliza kusoma. Wewe sasa uko Matinyani kwa susu, nyanya yako, unamuaga. Umesema utarudi kabla jua halijatua, na utarudi na mbuzi. Kwa hivyo nina saa tatu, labda nne kama susu atakushika na maombi yake marefu, na ndani ya hizo saa nataka kusema jambo ambalo limenishinda kwa miaka minane.

Mambo ya safari siyagusi. Mama yako ameshakuambia kuhusu sweta, kuhusu pasipoti na ile zipu mbovu ya mkoba, na ndengu zako amezifunga kwa vitambaa vitatu kana kwamba zinaenda vitani. Kwa upande huo uko salama.

Usidhani nimechagua karatasi kwa sababu napenda kuandika. Mkono wangu unaujua, hata risiti za karakana ulikuwa unaniandikia wewe. Nimejaribu kwa mdomo. Jumapili tulipotoka kanisani nilikuita kando, utakumbuka, ukaja ukasimama ukiningoja niseme, nami nikakuuliza kama huko unakokwenda kuna baridi. Ukacheka. Ukasema, "Baba, hiyo umeniuliza mara tano." Ni kweli. Kila mara nilikuwa nataka kuuliza kitu kingine.

Kilichonisukuma leo ni yale maneno yako ya asubuhi. Ulisema hivi, mkate mkononi: "Kesho saa mbili, kabla gari haijanichukua, napitia kwa Mzee Athumani. Siwezi panda ndege na hii kitu kwa roho. Susu amenipatia mbuzi. Nitampelekea akiwa hai, achinje mwenyewe vile wao huchinja." Mama yako akakusifu kwamba umelelewa. Mimi nikasema, "Ni vizuri." Hayo tu. Ni vizuri. Nikaendelea kumenya kiazi kitamu ambacho sikukila.

Mwikali, mbuzi huyo si wako kumpeleka. Hukumvunja Mzee Athumani mguu. Niliyemvunja ni mimi, nikajua tangu siku ya kwanza kwamba ni mimi, nikakutwika wewe.

Nimeliandika. Sasa nitakueleza yote kuanzia mwanzo, kwa sababu kuna sehemu uliziona na kuna sehemu ulikuwa umetumwa dukani.

Unakikumbuka kibanda chetu cha pale mji mdogo wa Salama, cha mabati, kando ya barabara kuu ya Mombasa, malori yakipita vumbi linaingia mpaka kwenye uji. Mbele nilikuwa nimeandika kwa rangi nyekundu DAKTARI WA TAA. Jina hilo sikupewa na mtu, nilijipa mwenyewe, halafu watu wakalizoea nami nikaliamini. Nilikuwa nimetengeneza taa za malori na mabasi tangu kabla hujazaliwa. Taa zile za zamani zilikuwa na tabia moja: joto lake linatoka mbele pamoja na mwanga. Ukitaka kujua kama taa inaumwa, unaweka kiganja kwenye kioo. Kikikuunguza kabla hujahesabu kumi, kuna kasoro. Kikivumilika, mwambie mwenye gari aende na Mungu. Hicho kiganja ndicho kilikuwa kipimo changu, na hakikuwa kimewahi kuniaibisha.

Ndipo akaja Mzee Athumani. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, shule zimefungwa, umekuja kukaa nami Salama kama ulivyozoea. Yeye tulijuana naye kutoka hapa Kitui, mtu wa duka la mikeka na magodoro karibu na msikiti, babu yake alitoka pwani zamani. Alikuwa amenunua gari la Kijerumani Nairobi, limetumika, jeusi, zuri ajabu, na mpwa wake alikuwa anaolewa Mombasa kesho yake asubuhi. Alikuwa amesafiri nalo jioni iliyotangulia, akaona taa za mbele zinaanza na nguvu kisha zinafifia zenyewe, kama mtu anayesinzia. Akaogopa. Akalala lojing' pale Salama, na kulipopambazuka akanitafuta kwa sababu mimi ni mtu wa kwao na ni Daktari.

Nilifungua boneti nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona. Sikusema sijakiona. Nilisema, "Aaah, hizi." Ukaja nyuma yangu na simu yako, ukawa unasoma, na ukaniambia maneno ambayo ninayakumbuka yote, kwa sababu kwa miaka minane nimekuwa nikiyasikia nikipiga mswaki:

"Baba, hii si balbu. Iko na leza ndogo za buluu, zinapiga hako kajiwe ka manjano, ndio hako kajiwe kanatoa mwanga nyeupe. Moto yake haiendi mbele. Yote inarudi nyuma, kwa haya mapezi ya alumini, halafu feni inaitoa. Na feni haizunguki. Nimeigusa na bisibisi, imekwama kabisa, na vumbi imejaa kwa mapezi. Taa inajipunguza kwa sababu inaskia joto."

Yalikuwa ni maelezo kamili. Hata leo, baada ya kufungua taa za namna hiyo nyingi, siwezi kuongeza wala kupunguza neno. Taa haikuwa inaumwa. Ilikuwa inajiokoa. Ndani yake mlikuwa na sensa ndogo inayopima joto na kuiambia kompyuta, punguza, tunaungua, na kompyuta inapunguza.

Mzee Athumani alikuwa amesimama palepale, pamoja na madereva wawili wa malori na yule mama wa chapati. Akatabasamu, akasema, "Fundi, huyu binti yako ana kichwa." Nami nikahisi sikio likinichemka. Nikakuambia, mbele ya wote, "Wewe shika tochi."

Ukashika tochi.

Nataka uelewe kwamba feni ingepatikana. Nilimpigia rafiki yangu Nairobi, nikatoka nje kuongea ili msinisikie, akaniambia ataituma kwa basi, itafika kesho. Siku moja, Mwikali. Mzee angekosa nikahi ya mpwa wake, au angepanda basi akaliacha gari kwangu. Lakini ningelazimika kurudi ndani na kusema, mbele ya mama wa chapati, kwamba mtoto wa shule ameona kitu ambacho Daktari hakukiona. Sikuweza. Wahenga wanasema mganga hajigangi, na mimi sikujua hata kama naumwa.

Kwa hivyo nikakupa kazi ya kukushughulisha. Nilikuambia upige mswaki yale mapezi yatoke vumbi, na upake ile krimu ya kijivu nyuma ya taa, pale chuma kinapokutana na chuma, ili joto lipite vizuri. Ulipaka kwa uangalifu kama unampaka mtoto mafuta, ulimi umeutoa nje pembeni ya mdomo. Ulipaka vizuri. Nilikagua. Halafu nikakutuma ukalete soda ya mgeni, na ulipotoka nikafanya ninachotaka kukuambia.

Mafundi wa barabarani tuna ujanja wetu. Sensa ikilalamika, unaikata waya, unaweka rezista, kile kidude kidogo kama punje ya mchele chenye miguu miwili ya waya. Kompyuta ikiuliza kuna joto kiasi gani, rezista inajibu jibu lilelile moja asubuhi na jioni: kuko baridi. Tumefanya hivyo kwa magari mangapi, kwa geji za maji, za mafuta, na watu wanaondoka wakifurahi. Nikaweka moja taa ya kulia na moja ya kushoto. Feni nikairudisha kama ilivyokuwa, imekwama.

Uliporudi na soda nilikuwa nimeshafunga. Tukateremsha magunia mlangoni kukawa giza, nikawasha. Zikawaka, na hazikufifia. Tulingoja kwa muda mrefu, Mzee akinywa soda yake. Mwanga uleule. Nikaweka kiganja kwenye kioo kama ninavyofanya, nikahesabu hadi kumi, hadi ishirini, kioo kimetulia kabisa. Nikamwambia, "Weka mkono, Mzee." Akaweka. Akasema, "Imepoa kweli, mashallah." Hakika ilikuwa imepoa. Mbele taa hizo hupoa daima. Moto uko nyuma, na nyuma hakuna aliyeweka mkono. Halafu kuna kitu ambacho hata wewe hukukisoma siku ile: leza haiwaki gari likiwa limesimama. Inangoja mwendo na barabara tupu. Tulichokipima ndani ya magunia hakikuwa kitu chote.

Wewe ulinitazama. Tochi ilikuwa mkononi mwako, na ulijua feni hujaisikia ikilia. 

Alituaga baada ya kuswali alasiri. Kulipokuwa giza alikuwa ameipita Makindu, kule kwenye joto lile usilolizoea, mwendo wa barabara kuu, leza zikiwaka. Na taa zikazimika zote mbili kwa mpigo. Zote mbili kwa sababu nilizidanganya zote mbili. Kulikuwa na lori mbele, akakwepa asichokiona, akaingia mtaroni, akapiga daraja dogo la zege. Mguu wa kulia, chini ya goti. Hayo unayajua.

Usiyoyajua ni haya. Nilipigiwa simu asubuhi, na kitu cha kwanza nilichofanya si kwenda hospitali. Nilichukua koleo, nikapanda gari mpaka Makindu, kwenye yadi walikolivuta lile gari. Nikamwambia mlinzi mimi ndiye fundi, nataka kuangalia nini kimetokea. Nikazitoa rezista zote mbili. Nyuma ya taa plastiki ilikuwa imeyeyuka ikashikamana, ilibidi nichimbe. Nikazitia mfukoni nikarudi Salama. Kwa hivyo, kwa uongo unaofuata, usije ukanitetea kwamba ulimi uliniponyoka. Nilikuwa na siku nzima ya kufikiri, na niliitumia kufuta nyayo.

Siku ya tatu akaja Bakari, mtoto wa dada yake Mzee. Kijana mpole. Hakuja kwa vita. Alisema, "Fundi, Mzee amesema nikuulize tu. Taa zilizima zote mara moja. Ni nini ilifanyika?" Wewe ulikuwa nyuma ya lile gunia la mlangoni unakoroga chai. Nilijua uko pale. Nikamwambia, "Huyu mtoto ndiye alipaka ile krimu. Alikuwa anajifunza. Alipaka vibaya, joto likakosa pa kutokea. Mimi feni nilibadilisha."

Nikasikia kijiko kikiacha kukoroga.

Mwikali, nimesikia vyuma vikigongana barabarani Salama, nimesikia watu wakilia. Hakuna kilichonikaa masikioni kama kile kijiko. Ningeweza kusimama palepale, nikasema, hapana Bakari, ngoja. Nilimkaribisha chai.

Baada ya wiki Mzee alituma jibu kutoka hospitali: "Mtoto hashitakiwi. Tumemwachia Mungu." Hakwenda polisi, hakuleta wazee, hakudai chochote. Alinisamehe kwa sababu yako. Nilijificha nyuma ya mtoto wa miaka kumi na minne, na watu wakasema pole, malezi ni kazi.

Halafu kuna ile jioni. Ulikuwa unaosha miguu kwenye beseni, ukaniuliza bila kuinua kichwa, "Baba, ni kweli feni ulibadilisha?" Ulikuwa unanipa mlango. Sasa naona, ulikuwa unanipa mlango mpana kabisa. Nikasema, "Nilibadilisha." Ukamwaga maji, ukasema, "Basi ni mimi."

Hukuwa umekosea hesabu yako. Kama feni ni nzima na mapezi ni safi, kinachobaki ni krimu. Nilikupa namba za uongo, ukapata jibu la uongo kwa njia sahihi.

Nilifunga kibanda cha Salama nikawaambia kodi imepanda. Kodi haikupanda. Nilikuwa siwezi kulitazama lile gunia. Tukarudi hapa Kitui, mji mmoja na yeye, na tangu hapo sijapita barabara ya msikiti mchana. Mama yako hunicheka kwamba nikienda sokoni nazunguka kama mtu anayekimbia wadai. Wewe ulipita, kila siku ya shule. Ulikuwa unamsalimia. Siku moja ulirudi ukaniambia, "Baba, Mzee Athumani siku hizi anaswali akiwa amekaa kwenye kiti." Ulisema kwa sauti ya chini, ukaingia chumbani. Mimi nikaendelea kula.

Mwaka mzima hukugusa bisibisi. Halafu ukabadilika, ukanunua kile kipimajoto chako, ukawa unapima kila kitu: sufuria, simu, mabati saa sita, betri ya bodaboda ya jirani. Mama yako akasema huyu mwisho atapima hata joto la kanisa. Sote tulicheka. Mimi nilijua unachotafuta. Ulikuwa unatafuta mahali joto lilipokosea njia siku ile, na hungelipata, kwa sababu nilikuwa nimelikalia.

Na mwezi uliopita, wale watu wa kiwanda cha taa unakokwenda walipokuhoji kwenye kompyuta, nilikuwa nje ya dirisha nawapa kuku mahindi. Kiingereza changu ni cha karakana lakini kinatosha. Walikuuliza kwa nini unataka kazi ya kupima joto la taa za leza. Ukawaambia, "Nikiwa na miaka kumi na minne nilisababisha ajali." Hukulia. Ulisema kama mtu anayetaja tarehe yake ya kuzaliwa. Wakakuheshimu kwa hilo, nikaona uso wako. Nilikuwa na hatua nne kufika mlangoni. Kuku wakamaliza mahindi wakaanza kunidonoa viatu, na mimi bado nimesimama.

Sasa unakwenda kuishi juu ya msingi huo. Kila taa utakayoifunga kwenye lile joko lao la majaribio, kila usiku utakapokawia kazini kuhakikisha, utakuwa unalipia mguu ambao hukuuvunja. Labda kazi itakuwa nzuri zaidi kwa hofu hiyo. Sijali. Mimi ni baba yako, sitaki uwe fundi mzuri kwa sababu ya uongo wangu.

Nimemwambia mama yako leo mchana. Alikuwa anachagua ndengu kwenye sinia. Hakuinua macho mpaka alipomaliza sinia nzima, na mimi nimesimama mbele yake kama mtoto aliyevunja mtungi. Halafu akasema, "Mimi usiniombe msamaha. Si mimi nilishika tochi." Akapepeta makapi. "Enda uandike. Ukimaliza, uende kwa huyo mzee na miguu yako, kabla mtoto hajafika na hiyo mbuzi."  Nasikia anaosha vyombo kwa nguvu.

Nilidhani nikifika hapa nitakuwa na mawaidha ya kukupa. Sina mengi. Yale niliyojifunza juu ya joto nilijifunza kwa kuchelewa, nikiwa peke yangu, kwenye taa mbovu nilizonunua kwa vyuma chakavu nikazipasua nyuma ya nyumba. Joto halifi kwa kutopimwa. Ukilinyima njia linakaa, linangoja, halafu linachagua lenyewe siku ya kutoka, na halichagui siku nzuri. Wewe unajua hayo kwa namba, mimi nayajua kwa namna nyingine. Na nilijifunza kwamba mtu akikuwekea kiganja kwenye kioo akakuambia kimepoa, uzunguke ushike nyuma. Hata kama mtu huyo ni mkubwa wako. Hata kama ni mimi.

Huko unakokwenda watakuwepo wakubwa wenye koti jeupe na vyeti ukutani, na mmoja wao atakuwa mimi. Atakuwa hajui na hataki ionekane. Utamwambia feni haizunguki, na atakuambia, kwa Kiingereza kizuri, ushike tochi. Siku hiyo iweke chini tochi, mwanangu. Iweke chini polepole, bila matusi, na urudie ulichosema. Ulikuwa sahihi ukiwa na miaka kumi na minne, na umri hautakupunguzia hilo.

Sikuombi unisamehe. Ningeomba leo, ungenisamehe upesi kwa sababu una safari, na baadaye ungejuta. Chukua muda wako. Ukitaka kukaa mwaka bila kunipigia, nitakaa. Naogopa, nakwambia wazi. Mzee anaweza kuniita muongo mbele ya watu wote wanaotoka msikitini, na atakuwa amesema kweli. Bakari anaweza kunipeleka polisi. Hayo nayaweza. Kinachonitoa jasho ni utakavyonitazama utakapofika mwisho wa barua hii, na tochi ile bado iko mkononi mwako.

Ndani ya bahasha nimekuwekea rezista moja. Ina doa jeusi upande mmoja, hilo ni la Makindu. Miaka yote nimezihifadhi kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka, juu ya kabati, mahali ambapo wewe ni mfupi kufika na mama yako hapangusi. Ya pili iko mfukoni mwangu. Nitaiweka mkononi mwa Mzee Athumani ili asidhani ninakuja na maneno matupu.

Saa inakaribia kumi. Sala ya alasiri inaisha muda si mrefu, naye hukaa nje ya duka kwenye kile kiti chake mpaka jua lipoe. Nitapita barabara ya msikiti, si ya kuzunguka sokoni. Mbuzi akifika, mfunge hapo mlangoni umpe maji, nitakuja kumchukua mwenyewe kama Mzee atakubali kupokea chochote kutoka kwangu. Asipokubali, mrudishie susu, naye nitamweleza.

Ukirudi usinikute, niko huko. Kama utataka kuja, njoo. Lakini usije na mbuzi, na usije ukiwa umeinamisha kichwa. Njoo usimame hapo nje, na Mzee akikuuliza, mwambie uliyosema siku ile. Mimi nitakuwa nimeshamwambia kwamba yote yalikuwa kweli.

Uliniuliza ukiwa unaosha miguu, nami sikukujibu. Najibu sasa. Sikuibadilisha. Feni ilikuwa haizunguki, Mwikali, kama ulivyosema.

Baba yako